Vijiwe vilivyokutwa kwenye mrija wa nyongo katikati ya upasuaji

Maswali ya wasomaji, majibu ya daktari wa upasuaji

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 58. Kwa muda wa miaka miwili alisumbuliwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, hasa baada ya kula vyakula vya mafuta, na altrasaundi ikaonyesha vijiwe ndani ya mfuko wa nyongo. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo katika hospitali moja ya mkoani. Tuliambiwa kazi ingechukua saa moja na nusu, lakini tulikaa nje saa tatu. Daktari alipotoka alisema kwamba mfuko umetolewa salama, ila picha aliyoipiga katikati ya kazi ilionyesha vijiwe viwili ndani ya mrija unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Alijaribu kuvisukuma kwa maji, havikutoka, akafunga na kutuandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam ili vitolewe kwa mpira unaopitishwa mdomoni. Tangu siku hiyo ndugu wamegawanyika. Mjomba anasema daktari amemrudisha mgonjwa nyumbani na ugonjwa uleule. Shangazi anasema mama hana maumivu, hana homa wala macho ya manjano, basi tusimsumbue kwa safari. Kwa nini vijiwe hivyo havikuonekana mapema? Je, daktari alikosea kufunga? Na tunaweza kusubiri mpaka lini? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Mambo yakiharibika tunasema yameingia nyongo, na nimeisoma barua yako nikaona kwamba hofu ya nyumba nzima ni hiyo, kwamba upasuaji wa mama umeingia nyongo. Mimi sioni hivyo. Mjomba anamlaumu daktari kwa jambo ambalo, kwa maelezo uliyonipa, lilifanywa kwa busara. Na shangazi anataka mpumzike mahali ambapo bado hapajafaa kupumzika.

Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, takriban nusu lita hadi lita moja kwa siku, na nyongo hiyo hushuka kwa mrija mkuu hadi sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Mfuko wa nyongo ni ghala tu. Umeshikana na upande wa chini wa ini, umeunganishwa na mrija mkuu kwa kimrija chembamba, na kazi yake ni kuhifadhi nyongo na kuikamua pale chakula chenye mafuta kinapoingia. Ndiyo maana mtu huishi vizuri baada ya mfuko kutolewa, lakini hawezi kukaa salama ikiwa mrija mkuu umeziba. Mwisho wa mrija huo kuna kilango cha msuli, na hapo hapo ndipo mrija wa kongosho unapomimina maji yake. Kijiwe kidogo kikiteleza kutoka mfukoni kinaweza kupita kilangoni kikatoka na choo bila mwenyewe kujua. Kinaweza pia kukwama, na kikikwama, nyongo hurudi nyuma ikaingia kwenye damu: macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi na choo hupauka. Bakteria nao huzaliana ndani ya nyongo iliyotuama na kuleta homa kali ya kutetemeka, au kongosho huvimba na kumtia mgonjwa maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni.

Kwa nini havikuonekana? Altrasaundi huuona mfuko wa nyongo vizuri sana, lakini sehemu ya chini ya mrija mkuu hujificha nyuma ya utumbo, na hewa ya utumbo hukizuia kipimo kuona. Mara nyingi tunachokipata ni dalili za kando: mrija uliotanuka kupita milimita 6, au vipimo vya damu vya ini vilivyopanda. Dalili hizo zikiwapo, mgonjwa hupelekwa kwenye MRI ya mirija ya nyongo, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kabla ya upasuaji. Zisipokuwapo, si kila mtu hupelekwa, kwa sababu kipimo hicho ni ghali na hakipo kila mahali. Na hata vipimo vya damu vilivyo sawa kabisa haviondoi uwezekano wa kijiwe kilichotulia mrijani bila kuziba. Katika kila wagonjwa 100 ambao vijiwe vya nyongo vimeanza kuwasumbua, kati ya 10 na 20 huwa pia na kijiwe kwenye mrija mkuu, na baadhi yao hugundulika mezani tu. Isitoshe, kijiwe kinaweza kuteremka kutoka mfukoni siku chache kabla ya upasuaji, au hata wakati mfuko unaposhikwa na kuvutwa.

Picha aliyoipiga daktari wa mama yako hupatikana kwa kuingiza katheta, yaani kimpira chembamba, kwenye kile kimrija, kupitisha dawa inayoonekana kwa eksirei na kutazama inavyoshuka hadi utumboni. Njia hiyo ilianzishwa na Pablo Mirizzi, daktari wa upasuaji wa Argentina, mwaka 1931. Madaktari wengi leo hawaipigi kwa kila mgonjwa, na mabishano juu ya jambo hilo hayajaisha katika mikutano yetu. Kwa hiyo mwambie mjomba kwamba daktari aliyeupiga picha mrija amewaonyesha kitu ambacho mwingine angekifunga ndani bila ninyi kujua mpaka siku mama anapoamka na macho ya manjano. Niongeze tahadhari moja: kipovu cha hewa kikiingia pamoja na dawa hutoa kivuli cha duara kinachofanana mno na kijiwe, na ndiyo sababu daktari makini husafisha katheta na kurudia picha kabla ya kutamka neno.

Sasa tuje kwenye uamuzi wa kufunga. Daktari anapokiona kivuli hicho ana njia kadhaa, na hakuna iliyo bora kwa kila mgonjwa. Ya kwanza ni ile iliyojaribiwa kwa mama: kumpa mgonjwa dawa ya kulegeza kilango, kwa kawaida glukagoni miligramu 1 kwenye mshipa, kisha kusukuma maji ya chumvi kwa nguvu kupitia kimrija. Vijiwe vidogo vya milimita mbili au tatu vinaweza kuondoka hivyo. Vikubwa zaidi havitikisiki. Ya pili ni kupitisha kwenye kimrija hicho hicho kikapu kidogo cha waya kinachofunguka ndani, kukinasa kijiwe na kukivuta, ama kwa kuongozwa na eksirei ama kwa kamera nyembamba ya milimita chache. Njia hii ni nzuri kwa sababu mrija mkuu haupasuliwi, lakini inataka vijiwe vichache, vidogo, vilivyokaa chini ya maungio ya mirija miwili, na inataka kikapu chenyewe kiwepo kabatini siku hiyo. Nawafahamu madaktari hodari ambao wamefunga kwa sababu tu kikapu hakikuwepo, na sitawalaumu wao kwanza.

Ya tatu ni kuupasua mrija mkuu wenyewe, kutoa vijiwe na kuushona, ama kwa matundu madogo ama kwa kulifungua tumbo. Hapa upana wa mrija ndio unaoamua. Madaktari wengi hawakubali kuupasua mrija usiofikia milimita 8, kwa kuwa kovu la mshono kwenye mrija mwembamba huubana, na mrija uliobanwa na kovu ni ugonjwa wa miaka mingi, mbaya kuliko vijiwe viwili. Ya nne ni kumwita mtaalamu wa endoskopi, yaani mpira wenye kamera, aje avitoe kupitia mdomoni mgonjwa akiwa bado kwenye usingizi uleule wa nusu kaputi. Ni njia nzuri, lakini inahitaji timu mbili na mitambo miwili katika chumba kimoja kwa saa moja, na hospitali za mikoani zenye uwezo huo ni za kutafuta kwa tochi. Ya tano ni kumaliza kazi ya mfuko, kufunga na kupeleka rufaa. Hii ya tano si kukimbia kazi. Ni njia inayotambuliwa duniani kote, mradi vijiwe vimeandikwa, rufaa imetolewa na familia imeelezwa, na kwa maelezo yako yote matatu yalifanyika. Ningekuwa na neno lingine kama mngekuwa mnaishi mahali ambapo huduma ya endoskopi ya mirija haifikiki kabisa. Hapo kulifungua tumbo siku ile ile, kama walivyofanya walimu wetu, kungekuwa na hoja nzito. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni safari ya siku moja.

Ninakuja kwa shangazi, ambaye hoja yake si ya kubezwa. Ni kweli kwamba baadhi ya vijiwe huondoka vyenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Ayalandi uliwafuata wagonjwa 46 waliokutwa na vivuli mrijani wakati wa upasuaji. Waliachiwa katheta ndogo ili picha irudiwe. Baada ya saa 48, 12 kati yao walikuwa na picha safi, ama kwa kuwa kijiwe kilipita ama kwa kuwa hakikuwepo tangu mwanzo. Baada ya wiki sita, wengine 12 walikuwa safi. Waliobaki, 22, ndio waliohitaji kutolewa vijiwe. Takwimu hizo humfariji mtu. Lakini zipo nyingine, kutoka daftari la taifa la upasuaji wa nyongo la Uswidi la miaka ya 2005 hadi 2009, lililokuwa na wagonjwa 3,828 waliokutwa na vijiwe mrijani. Walioachwa bila hatua yoyote, asilimia 25.3 walirudi na matatizo, yaani manjano, maambukizi ya mirija, kongosho kuvimba au kijiwe kubaki. Kwa waliochukuliwa hatua, waliorudi na matatizo walikuwa asilimia 12.7. Hata kwa vijiwe visivyofikia milimita 4, tofauti ilikuwa asilimia 15.9 kwa 8.9. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 unashauri mrija usafishwe hata kwa mgonjwa asiye na dalili.

Ukinitaka niweke maoni yangu bila kuzunguka: nendeni. Sitaki mama apelekwe usiku huu kwa gari la wagonjwa, kwa kuwa hana homa wala manjano. Hata hivyo wiki tatu zimepita, na ningependa jambo hili lishughulikiwe ndani ya wiki chache zijazo, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Wiki hii hii apimwe damu ya ini. Mkifika Dar es Salaam, ulizeni kama MRI ya mirija inaweza kufanyika kwanza, kwa sababu ikionyesha kwamba vijiwe vimekwisha pita, mama ataepuka utaratibu ambao, ingawa ni wa kawaida, una hatari zake.

Utaratibu huo hospitalini huitwa kwa herufi ERCP. Mgonjwa hulala njaa kwa saa sita hadi nane, hupewa dawa ya usingizi, kisha endoskopi hupitishwa mdomoni na tumboni mpaka kwenye kilango cha mrija. Kilango hukatwa kidogo kwa waya wa umeme, njia iliyoanza kutumika Ujerumani na Japani mwaka 1974, na vijiwe huvutwa kwa puto au kikapu viangukie utumboni. Hakuna mshono, na wengi huondoka hospitalini siku hiyo au inayofuata. Hatari iliyo kubwa kuliko nyingine ni kongosho kuvimba, ambayo huwapata kati ya watu 3 na 10 katika kila 100. Kidonge cha indometasini au diklofenaki kinachowekwa njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama atapewa. Kutokwa na damu na utumbo kutoboka hutokea pia, kwa nadra zaidi.

Chukueni picha yenyewe ya upasuaji, maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa na daktari, majibu yote ya damu, na orodha ya dawa anazomeza mama, hasa kama kuna dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimepokea wagonjwa waliosafiri kilomita mia nne wakiwa na karatasi moja iliyoandikwa "vijiwe vya nyongo, tafadhali msaidie", nasi tukaanza upya kutoka mwanzo.

Jambo la mwisho kwenu. Kabla ya safari, mama akipata homa yenye kutetemeka, macho ya manjano, au maumivu makali ya juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni, msingoje tarehe. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo tumbo likijaa na kuuma lote, maana kijiwe kinachoziba chini huongeza shinikizo juu, na nyongo inaweza kuvuja pale kimrija kilipofungwa kwa klipu.

SWALI: Daktari, kaka yangu alifunguliwa tumbo, mfuko wa nyongo ukatolewa pamoja na vijiwe vitano vya mrijani. Amerudi nyumbani na mpira unaotoka ubavuni, unaomwaga nyongo kwenye mfuko wa plastiki. Mwanzo ulijaa zaidi ya mililita 300 kwa siku, sasa ni kidogo mno. Jirani ambaye aliwahi kufanya kazi zahanati anasema nyongo ikikauka mpira huvutwa tu. Je, ni kweli? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Jirani asiuguse. Mpira huo una umbo la herufi T: mkono mmoja hutoka nje, na mikono miwili mifupi hulala ndani ya mrija mkuu, mmoja kuelekea ini na mwingine kuelekea utumbo. Ulibuniwa na Hans Kehr wa Ujerumani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kazi yake ni kuipa nyongo njia ya kutokea wakati mshono unapona na kilango kikiwa bado kimevimba. Nyongo ikipungua mfukoni huku kaka anakula vizuri na choo chake kina rangi ya kawaida, hiyo ni habari njema, kwa kuwa ina maana kwamba nyongo imerudi kwenye njia yake. Ikipungua huku macho yanakuwa ya manjano au kuna homa, basi mpira umeziba au umehama, na arudi hospitali leo.

Kabla ya kuutoa, dawa ya eksirei hupitishwa ndani ya mpira wenyewe ili kuona kama kuna kijiwe kilichosahaulika. Picha ikiwa safi, hutolewa baada ya wiki mbili au tatu hivi tangu upasuaji, wakati mwili umekwisha kujenga ukuta kuuzunguka. Ukivutwa mapema, nyongo humwagika ndani ya tumbo. Picha ikionyesha kijiwe, mpira huachwa, na baada ya wiki kadhaa njia ile ile huweza kutumika kukitoa bila kumpasua tena. Kwa sasa aubandike vizuri kwenye ngozi ili usivutike akilala, mfuko ukae chini ya kiwango cha tumbo, na kiasi kinachotoka kiandikwe kila siku. Akitoa nyongo nyingi anywe maji na vinywaji vyenye chumvi kidogo, kwani maji na chumvi za mwili hutoka nayo.

SWALI: Miezi minane iliyopita nilifanyiwa ERCP baada ya kijiwe kukutwa wakati wa upasuaji wa mfuko. Kijiwe kilikuwa kikubwa, wakaweka kijibomba cha plastiki wanachokiita stenti, wakaniambia nirudi. Nilipata nafuu kabisa, sikurudi. Naweza kukiacha? — Msomaji, Mwanza.

JIBU: Hapana. Stenti ya plastiki huwekwa ili nyongo ipite pembeni mwa kijiwe kwa muda, na kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi mitatu. Ikipita hapo, uchafu wa nyongo huigandia mpaka ikaziba, na mara nyingine vijiwe vipya huota juu yake. Nafuu unayoisikia haisemi lolote juu ya hali ya kibomba hicho, na zaidi ya hayo kijiwe chako hakijatoka. Rudi pale ulipowekewa wiki hii, na kama huna kadi, taja tarehe, faili lipo.

SWALI: Nimekutwa na kijiwe cha mrija na ninasubiri ERCP mwezi ujao. Rafiki amenipa dawa ya kunywa juisi ya tufaha kwa siku kadhaa, kisha mafuta ya zeituni na ndimu usiku, naye alitoa vijiwe vya kijani zaidi ya ishirini chooni. Nijaribu? — Msomaji, Unguja.

JIBU: Rafiki yako hakudanganya kuhusu alichokiona, alikosea kuhusu kilivyotokea. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha barua ya madaktari wa New Zealand waliopima vijiwe vya namna hiyo vilivyoletwa na mgonjwa mmoja. Havikuwa na kolesteroli wala kalisi, na vilipopashwa moto wa nyuzi 40 viliyeyuka. Ilikuwa ni sabuni, iliyofanyika tumboni kwa mafuta ya zeituni kuchanganyika na juisi. Mgonjwa huyo alikwenda kupasuliwa, na vijiwe vyake halisi vilikuwa palepale.

Kwako wewe kuna la ziada. Mafuta mengi kwa mkupuo huuamsha mfuko wa nyongo ukamue kwa nguvu, na kama mfuko bado unao, unaweza kusukuma kijiwe kingine mrijani wiki chache kabla ya miadi yako. Mafuta ya zeituni yatie kwenye saladi, kijiko kimoja.